Saruji Katika Nguzo ya Kanisa

Ofisi yetu ya majengo ya kale, Maskati, ilitupeleka watu wawili Uholanzi kujifunza kazi: mimi na Salim wa Qurayyat. Siku ya kwanza msimamizi alitupokea ndani ya kanisa la zama za kati, akatuambia tutazame juu. Dari lilikuwa la mbao, limepindwa kama nusu ya pipa. Ardhi ya kule ni tope, akaeleza; dari la mawe lingelididimiza jengo. Mawe yenyewe hawana, ndiyo maana kuta ni za matofali ya udongo wa kuchoma, yaliyoungwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, na ukuta ukisogea, nayo husogea.

Wiki ya tatu nilipewa nguzo moja niijaze viungo, yaani ile mistari baina ya matofali. Kwa baridi ile chokaa haikauki. Nikafanya kama tulivyozoea Maskati kila ufa ukitushinda: nikatia saruji. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka somo. Saruji hufungia unyevu ndani, na barafu ikija tofali hupasuka. Matofali ya karne nyingi yangekufa kwa mkono wangu.

"Nyamaza, Bi Zuwena," Salim akanambia. "Barafu ikija, sisi tuko kwetu tunakula halua."

"Na nguzo?"

"Nguzo haina ulimi."

"Mimi nnao."

Nilimwendea msimamizi nikijua huenda akanirejesha nyumbani. Aliigusa nguzo kwa ukucha.

"Bado mbichi," alisema. "Shika patasi."

Akavua koti, akapiga magoti upande wa pili, tukachokoa mpaka jioni. Salim naye alikuja, akinung'unika kuwa nimemkosesha chai. Tofali moja tu lilimeguka ukingo. Kesho yake nikapewa kazi ya kuchanganya chokaa ya jengo zima.

"Wewe sasa unajua kwa nini si saruji," msimamizi alisema.

Nikarudi, nikatengeneza misikiti na nyumba za kale mpaka nikastaafu. Sasa nnakaa Al Amerat. Mara nyingine vijana wa ofisi hunipigia simu: "Bi Zuwena, tumekosea, na mkurugenzi hajajua." Mimi hufurahi kwamba wamepiga. Huwaambia wanipitie asubuhi, twende tukamwone pamoja.