Ski Iliyoondoka Nikisali

Rafiki yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, ndiye aliyenivuta tukapande milima ya mpakani na Lesotho kuteleza kwenye theluji, kusiko na lifti za kupandisha watelezaji wala watu. Tuliondoka mtaani kwetu Mayfair alfajiri, na adhuhuri ikanikuta mlimani. Nikavua ski, zile mbao ndefu za kutelezea, nikazilaza kando kama mtu anavyoacha ndara mlangoni mwa msikiti, nikasali.

Nikiwa kwenye sijida nikasikia ski moja inaanza kuteleza, taratibu, shii. Rafiki yangu alikuwa upande wangu wa pili. Nyuma yangu palikuwa na jabali, kwa hiyo njia ya kuifikia ilikuwa mbele yangu tu. Alisimama kama mlingoti, akaitazama ikipotelea bondeni.

Nilipotoa salamu nikamfokea, "Mbona hukuishika?"

"Eish, ndugu! Si wewe ulinigombeza pale dukani kwangu, ati mutu hapiti mbele ya mwenye anasali?"

Tulishuka kwa miguu, mimi nikizama mpaka mapajani na ski moja begani, yeye akiniuliza kila mara kama bado nimekasirika. Sikuweza kumwambia ukweli. Yeye aliilinda sala yangu, na mimi moyoni nilikuwa nimeshatoka kwenye sala hiyo tangu ski iliposema shii.