Mistari Minne ya Bwana Zamani

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amedarizi kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo hajasoma hata neno moja kati ya aliyoyashona. Nalisema hili bila kumvunjia heshima. Kwao walikuwa watoto wawili, na wa kusoma alikuwa mmoja. Yeye alitoka darasa la pili akashika sindano. Kaka yake akaendelea mpaka akawa mwalimu wa Kifaransa. Nembo ya shule kwenye mfuko wa shati la kaka aliishona yeye, akiwa na miaka kumi. Kaka alipofaulu, watu walimpongeza kaka. Nembo hakuna aliyeitazama.

Kazi yake ni maua na ndege: foronya, mashuka ya maharusi, vitambaa vya meza. Mteja akitaka jina, huliandika mwenyewe kwa penseli juu ya kitambaa, naye wifi hufuata mstari. Akitaka ua, hulichora kwa chaki popote, hata kwenye mlango. Wifi hulowesha bafta, kile kitambaa chepesi cheupe cha pamba, huikamua, huibandika juu ya mchoro na kuikanda kwa kiganja, na ua huhamia kwenye kitambaa kama mtu anayehama chumba bila kuaga.

Mume wangu wanafunzi walimwita Bwana Zamani, kwa sababu hakuna alichopenda kufundisha kama vitenzi vya wakati uliopita, hasa ule ambao jambo lilikuwa likiendelea na hakuna anayesema liliisha lini. Alipostaafu alitundika ubao sebuleni, akawa anafundisha mabinti wawili watatu baada ya chakula cha mchana. Siku moja ya joto kali binti mmoja alisinzia mpaka shavu likagusa daftari. Mume wangu hakumwamsha. Alichukua chaki, akaandika kitenzi cha mtaani, kile ambacho Wafaransa hutumia kwa mtu aliyeuchapa usingizi, akakinyambua polepole, mimi, wewe, yeye, sisi:

je roupillais
tu roupillais
elle roupillait
nous roupillions

Wenzake binti yule walicheka hadi machozi. Mimi nilisoma Kifaransa chuo kimoja na mume wangu, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Nilisimama mlangoni nikasema mbele yao, "Mwalimu, hawa ni watoto wa watu. Nyumba hii haifundishi lugha ya vijiweni."

Aliniangalia, akatabasamu, akaweka chaki chini. Mistari miwili ya mwisho, ya nyinyi na wao, ilibaki bila kuandikwa. Kesho yake moyo wake ulisimama akiwa kwenye kiti kile kile, kitabu kifuani. Nilidhani amelala.

Sikuufuta ubao, wala sikutaka mtu ausome. Niliufunika kwa pazia. Wifi alikuwa akija kila Ijumaa, analisogeza pazia kidogo, anakaa mbele yake na kazi yake magotini. Mimi barua za mume wangu ninazo sanduku zima. Yeye hakuwahi kuandikiwa hata moja. Kaka angemwandikia nini dada asiyesoma? Mwandiko aliobakiwa nao ni ule tu.

Mwaka huu mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha mume wangu aliomba kuja kunitembelea siku ya Jumamosi, aniarifu rasmi kwamba maktaba yao itapewa jina lake. Nikamwambia wifi kwamba ubao utafutwa.

"Nifute mimi kwanza," alisema.

"Wifi, ni neno la mtaani. Wageni wanajua Kifaransa. Watatoka hapa wakisema Bwana Zamani alikufa akifundisha uhuni."

"Kwani linasema nini?"

"Linasema kusinzia."

"Kusinzia ndiyo uhuni? Basi mhuni mkuu wa mtaa huu ni wewe. Mchana unakoroma mpaka majirani wanafunga madirisha."

"Mimi sikoromi."

"Hukoromi. Unasoma kwa sauti, macho umefumba."

Tukakubaliana: nimwachie ubao mpaka Ijumaa jioni, aunakili kwenye kitambaa.

Ijumaa alikuja na bafta na beseni. Joto lilikuwa kama la siku ile. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu, feni ikizunguka kivivu, nikasikia maji yakidondoka, kisha kiganja kikikanda, kikikanda, na sauti ile ikageuka kuwa ya chaki ubaoni, na mtu akawa ananiita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Nilipofumbua macho, ubao ulikuwa mweusi na umelowa. Hakuna hata herufi.

"Umefuta!"

"Sijafuta. Nimemhamisha." Kisha akaitazama bafta, uso ukamshuka. "Wifi, kaka amenipa mgongo. Ona mikia ya herufi, yote inatazama huku."

Kinachobandikwa hugeuka kama kwenye kioo. Ua likigeuka bado ni ua, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuuliza kwa nini ndege anatazama kushoto. Kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kuhitaji kulijua hilo. Alikaa sakafuni, kitambaa kwenye ncha za vidole, na chaki ilikuwa ikikauka na kumwagika kama unga.

Nilizima feni. Nikafunga madirisha.

"Inuka. Geuza kitambaa, ukibandike kwenye kioo cha dirisha."

Bafta ni nyepesi. Mwanga ulipopenya, mwandiko ulionekana sawasawa kwa upande wa pili. Akachukua penseli akaufuata. Lakini chaki iliendelea kupukutika, na kila palipopotea aliniuliza.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Herufi mbili za mistari inayopanda, mirefu."

"Mirefu kama nini? Nisomee tu. Nikisikia, mkono utajua alivyokuwa akienda."

Nikamsomea. Neno nililolipiga marufuku nyumbani kwangu nililitamka labda mara ishirini alasiri ile, mpaka likalainika mdomoni. Tulipofika mstari wa nne, niliusikia kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa tukisinzia. Kila siku, mabinti wakishaondoka, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kochi, kitabu kikimteleza taratibu kifuani na pazia likivuta pumzi. Sijui kama mstari ule aliuandika kwa ajili ya yule binti.

"Halafu?" wifi aliuliza.

"Halafu nilimkatiza."

Wifi aliweka penseli chini. Alichoma sindano ya kwanza.

Alishona kwa uzi wa buluu mpaka mistari yote minne ikakaa. "Nimwongezee iliyobaki?"

"Hapana. Hiyo hakuiandika yeye."

Ubao ulikuwa umekauka. Nilichukua chaki nikaandika mwenyewe, chini kabisa, mahali pake:

vous roupilliez
elles roupillaient

Nikamsomea kwa Kiswahili: nyinyi mlikuwa mkisinzia, wao walikuwa wakisinzia.

"Hao wa mwisho ni nani?"

"Wanawake wawili."

"Anayekoroma na asiyekoroma."

"Kunja kitambaa chako uende nacho, wifi."

Jumamosi mwalimu mkuu alikunywa chai, akazungumzia maktaba, kisha akauona ubao. Pazia nilikuwa nimelifua na kuliweka kabatini. Alisoma, nyusi zikapanda.

"Mama, huu si mwandiko wa Bwana Zamani."

"Ni wangu."

"Na kitenzi hiki..." Alitafuta neno la heshima, akalikosa. "Mwanzo wake uko wapi?"

"Mwanzo uko kwa wifi yangu," nilimjibu. "Ameutundika juu ya kitanda chake. Ukitaka kuusoma, nenda ukabishe hodi. Ila usiende baada ya chakula cha mchana."