Mwaka Niliomtangazia Bibi Sumo

Kabla sijajua sumo ni nini, nilijua mlio wake. Vilikuwa vibao viwili vya mti mgumu vikigonganishwa, ka, kisha kimya, ka, halafu sauti ya mwanamume ikivutwa ndefu na nyembamba, ikiita majina ya waliotakiwa kupanda ulingoni. Mlio huo ulitoka kwenye kompyuta ya Baba, sebuleni kwetu Akalla, pembezoni mwa Stockholm, asubuhi za Januari ambazo nje bado kulikuwa na giza na taa za barabarani zilikuwa zikiwaka juu ya theluji. Baba alikuwa dereva wa basi na zamu yake ilianza mchana, kwa hiyo asubuhi alikaa na chai yake ya tangawizi akitazama wanaume wanene wa Japani na Mongolia wakikumbana, huku Mama akipita na kapu la nguo na kusema hajui ameolewa na mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, niko mlangoni navaa buti za shule, na mieleka haikunihusu hata kidogo. Aliyenihusu ni Bibi. Alikaa kwenye kochi kando ya Baba, sikio kalielekeza kwenye kompyuta na uso dirishani, maana macho yake yalikuwa hayaoni tena.

Bibi alikuwa mama yake Baba, mkazi wa Ngamiani, Tanga, mwalimu mstaafu wa michezo aliyewafundisha wasichana netiboli kwa filimbi na kwa maneno makali. Presha ya macho ilimla polepole, na alipokubali kuja Stockholm kutazamwa, muda ulikuwa umeshapita. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Baba alilia jikoni. Bibi aliuliza kama duka la chini linauza hiliki. Alikuwa na kibali cha kukaa mwaka mmoja, na tangu wiki ya kwanza alituambia kwamba kikiisha anarudi kwake, hakuja Ulaya kuzeeka, ameshazeeka. Nami nilikuwa na shida niliyoijua mwenyewe kuliko wazazi wangu: sikuweza kuongea naye. Kiswahili nilikisikia chote, lakini kinywani mwangu kilitoka Kiswidi. Mama akiniuliza kama nimekula, nilimjibu kwa Kiswidi, na maisha yakaendelea. Kwa Bibi hayakuendelea. Miaka yote nilikuwa namjua kwa simu, nasema shikamoo, mzima, ndiyo, kisha namrudishia Baba simu ikiwa imelowa jasho la kiganja. Sasa tulikuwa nyumba moja, na kwa kuwa hakuniona nikitikisa kichwa wala nikitabasamu, ilikuwa simu ileile. Nilijua kwamba mwaka ungeisha, angepanda ndege, nami ningekuwa nimeishi naye bila kumwambia neno. Jambo hilo lilinitisha, na mimi nikitishwa huwa nakuwa mkaidi.

Sumo yenyewe haina mambo mengi. Ulingo ni wa udongo, umezungushiwa kamba nene ya majani ya mpunga. Anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, au anayetoka nje ya kamba, ameshindwa. Mashindano ni sita kwa mwaka, mwezi huu yapo, mwezi ujao hayapo, na kila moja huchukua siku kumi na tano. Ukishinda mara nane unapanda, ukishindwa mara nane unashuka, hakuna kujitetea. Bibi aliupenda mpango huo papo hapo. Alisema shuleni kwake ungewatoa walimu nusu nje ya kamba. Tatizo lilikuwa Baba, mtangazaji mbovu kuliko wote. Pambano likianza alisema aa, aa, aaa, likiisha alisema, “Mama, umeona?” Bibi akamjibu, “Nimeona giza, mwanangu. Niambie basi.” Katikati ya mashindano hayo ya Januari Baba akahamishiwa zamu ya asubuhi, akawa anatuwekea mapambano ya siku kwenye kompyuta ili yatazamwe alasiri. Bibi akauliza nani sasa atamwonyesha. Mama alisema yeye hawezi kukaa kuhesabu makalio ya wanaume. Nikasikia sauti yangu ikisema, “Mimi.”

Nilianza vibaya sana. “Anasukuma,” nikasema. “Na yule anasukuma. Ameanguka.” Bibi akangoja, kisha akasema, “Hata nazi huanguka, mke mwenzangu. Nakuuliza ameangukaje.” Nililiona pambano lote wazi, nani alimvuta nani, goti lipi liliisha nguvu, na kinywani mwangu hamna kitu. Nikatumbukiza Kiswidi, naye akainua kiganja: “Hiyo peleka shule.” Niliona aibu na hasira pamoja. Siku iliyofuata nikakaa tena kwenye kochi, na iliyofuata pia, nikisema anasukuma na ameanguka mpaka Mama akaniombea mapumziko. Bibi alikataa, na mimi nilikataa.

Mwezi wa Machi Bibi alinipa utaratibu wake wa netiboli. Anza na miguu, alisema, miguu ndiyo inayoamua; halafu kiuno, halafu mikono, na uso kama una nafasi, maana uso wa mtu haumsaidii. Majina ya Kijapani yalimpotezea muda, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu kwa jinsi nilivyomweleza. Mmoja alikuwa Boflo, kama mkate, kwa weupe na ulaini wake, mwingine Gunia. Aliyemchagua kuwa wake alikuwa mfupi, mwepesi kuliko wenzake, anayepigana chini chini na kung'ang'ania mahali aliposimama, tukamwita Kisiki. Maneno niliyatafuta kila mahali. Nilimuuliza Mama akikanda chapati, mtu akianguka kwa makalio anaitwa amefanya nini. “Anaitwa mzembe,” akasema, kisha akacheka na kuniongezea: kubwagwa, kuporomoka, kwenda chali, kifudifudi, kupigwa ngwala. Baada ya shule nilisimama mbele ya kituo cha treni, barafu ikiwa bado haijayeyuka, nikawatazama watu wakitoka na mifuko yao na kuwatangaza kimoyomoyo. Yule mama anateleza, anapepesuka, mguu wa kushoto umemwokoa. Mzee mmoja alifikiri namcheka akanikemea, na kweli nilikuwa nimemkodolea macho nikisubiri aanguke.

Kuna jambo moja nyumba nzima tulimficha Bibi, nalo ni kwamba wale watu hawavai kitu ila mkanda. Lilikuwa agizo la Mama. Alimheshimu mno mama mkwe wake, mtu wa swala tano, asiweze kumkalisha mbele ya uchi wa wanaume. Kwa hiyo mimi niliwavisha suruali. Mwezi wa Mei Bibi akaniuliza suruali ya Kisiki leo ni ya rangi gani. Nikasema bluu. Alicheka mpaka akashika mbavu. “Nyama ikigonga nyama naisikia,” akasema. “Hao wako uchi tangu Januari.” Mama alitoka jikoni akaingia chumbani moja kwa moja. Lakini Bibi alipomaliza kucheka alinivuta mkono, na hakuwa anatania tena. “Ukinivisha watu suruali, nitajuaje mangapi mengine umeyavisha? Mimi sina macho mengine, nina wewe.” Sijawahi kuambiwa jambo zito kuliko hilo, na nililielewa vizuri ingawa nilikuwa mdogo. Tangu siku hiyo nilisema kilichopo.

Julai shule zilifungwa na tukaanza kutazama moja kwa moja, pambano likipiganwa kule Nagoya wakati huohuo. Madirisha yalikuwa wazi, watoto wenzangu waliniita kutoka chini twende kuogelea, nami nikawapungia mkono na kurudi kwenye kochi. Hapo ndipo tulipogombana. Sumo inaweza kuanza na kuisha mtu akivuta pumzi moja, na mimi nilikuwa nasubiri iishe ndipo nieleze. Bibi alisikia watu wa ukumbini wakilipuka kwa kelele, na mimi bado niko kwenye miguu. “Unanitangazia mazishi,” alisema. “Mtu keshazikwa ndiyo unaniambia anaumwa.” Nilikuwa nimeacha kuogelea kwa ajili yake, na maneno yale yaliniuma. Nikatoka kibarazani nikalia kwa hasira, nikaapa simtangazii tena. Aliniacha nilie. Hakunifuata wala hakumtuma Mama. Baadaye Baba alikuta nimezima sauti ya kompyuta natangaza mapambano ya zamani peke yangu, nikijilazimisha maneno yatoke mguu unapoondoka, si baada ya hapo. Akaniletea maji. Nilifanya hivyo majira ya joto yote. Septemba, wageni walipokuja kula pilau, mama mmoja Mkongo aliyeketi mbele kabisa ya kompyuta alifumba macho, akasema anaona vizuri zaidi akinisikiliza.

Novemba ikafika, na sanduku la Bibi lilikuwa limeshafungwa kamba. Kisiki alikuwa na mwaka mbaya. Goti lilimsumbua, alikuwa ameshuka mpaka ukingoni mwa daraja la juu, na siku ya mwisho alikuwa ameshinda mara saba na kushindwa mara saba. Akishinda anabaki na wakubwa, akishindwa anaporomoka daraja la chini. Ilikuwa Jumapili, Baba yuko nyumbani, hata Mama aliketi. Bibi alikuwa amemtaja Kisiki katika dua ya alfajiri, akatuambia bila kuona haya. Vibao vikalia, wakarusha chumvi ya kutakasa ulingo, wakainama, na mimi nikaanza. Mguu wa kulia mbele, kiuno chini, chini zaidi ya cha Gunia, kichwa kimeingia kifuani, anasukuma, Gunia anarudi, anarudi, kisigino cha Gunia kiko kwenye kamba. Bibi alikuwa amenishika goti. Gunia amepata mkanda kwa mkono wa kushoto, anageuza, kiuno cha Kisiki kinapanda, goti lile bovu linacheza. Nikaona kisigino chake kikivuka kamba na kuacha alama kwenye mchanga wa nje.

Niligeuka. Baba, nyuma ya kochi, alikuwa ananionyesha dole gumba na kupunga mikono, akitamka bila sauti, sema ameshinda. Alimaanisha wema. Bibi alibakiwa na siku chache kwetu, ukumbi ulikuwa na makelele yasiyosema chochote, na mtu wa kumwambia alikuwa mimi peke yangu. Nilitaka sana kulisema neno lile. Badala yake nikasema, “Kisigino cha kushoto kimetoka, Bibi. Kimegusa mchanga. Kisiki ameshindwa.” Kisha nikaanza kulia.

“Kisigino chote au ncha?” akauliza Bibi.

“Chote.”

“Anafanya nini sasa?”

“Anainama. Anashuka ulingoni.”

“Analia?”

“Halii.”

“Basi na wewe nyamaza, mwenye kisigino ni yeye.” Alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akakosea, akanifuta na sikio. “Januari anaanzia huko chini, na utanitangazia kwa simu.” Halafu, bila kugeuza kichwa, akasema, “Na wewe mwanangu, acha kupunga mikono huko nyuma. Nasikia shati lako.”

Aliondoka Desemba, na Januari nilimpigia. Sikumrudishia Baba simu. Nilimtangazia Kisiki akipanda tena ngazi kwa ngazi mpaka akarudi kwa wakubwa, na miaka mingine baadaye nikamtangazia alivyostaafu, akabaki Bibi analalamika kwamba vijana wa sasa hawana miguu. Simu ya kulipia ikawa ujumbe wa sauti, kompyuta ya Baba ikawa kitu cha kiganjani. Leo nakaribia miaka thelathini, naishi Hässelby, hapahapa Stockholm, na kila mwezi wa mashindano bado nakaa asubuhi na chai. Nikilinganisha, kila kitu sasa ni rahisi. Ningeweza kumtafutia Bibi mtangazaji wa lugha yoyote kwa kubonyeza mara moja, na nina hakika angemkataa. Wakenya na Wakongo ninaofanya nao kazi hunicheka kwamba nasema kama kikongwe wa pwani. Kiswahili cha benki kinanipiga chenga mpaka leo, lakini kuanguka nakujua kwa kila namna.

Bibi alifariki mwaka juzi, mwezi wa Machi, mashindano yakiwa katikati. Shangazi alinipigia kutoka Tanga nikiwa kazini, wakati wa mapumziko, namrekodia Bibi mapambano ya siku hiyo. Nilikuwa nimefika nusu. Nililia kwanza. Kisha nikarudi nilipoachia, miguu, kiuno, mikono, nikamaliza mpaka pambano la mwisho, nani kashinda na nani kashindwa kama ilivyokuwa, nikautuma ujumbe kwenye simu ya Bibi. Shangazi aliniambia baadaye kwamba siku ya pili ya matanga aliufungulia chumbani, wanawake wamejaa mikekani, wakasikiliza wote hadi mwisho. Jirani mmoja mtu mzima akauliza ni mtoto wa nani huyo anayetangaza. Shangazi akamjibu kwamba ni mjukuu wa marehemu, kazaliwa Sweden na kakulia hukohuko. Yule mama akakataa katakata. Akasema wasimfanye mtoto, huyo kazaliwa Ngamiani.