Daraja la Glodie na Fulana za Mheshimiwa

Glodie alisuka nywele katika kibanda karibu na soko, hapa Bunia. Mtaani kwao kulikuwa na daraja la mbao lililooza, na siku moja ya mvua Mama Bernadette, muuza sombe, yaani majani ya mihogo, aliteleza hapo akavunjika mguu. Glodie akapiga picha zile mbao, akaziweka Facebook, kisha akafungua kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa.

“Tusingojee Kinshasa,” aliwaambia kwa ujumbe wa sauti. “Miguu yenye inavunjika ni ya siye.”

Vijana wakaja, hata wale ambao salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, huwakuta wamelala. Walileta mbao na misumari. Josaphat, seremala aliyesimamia kundi pamoja naye, akapima na kukata. Daraja likasimama.

Jumapili, Glodie akiwa kanisani, mheshimiwa mmoja aliyetafuta kura alifika na mpiga picha na magunia ya fulana zenye sura yake. Glodie aliyaona yote kwenye simu: utepe unakatwa, vijana wake wamevaa sura ya mtu, Josaphat katikati akicheka. Chini yake imeandikwa kwamba daraja ni zawadi ya mheshimiwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Josaphat.

“Unakasirika juu ya nini?” Josaphat akamuuliza. “Daraja si iko?”

“Iko. Kesho atasema ni yeye alijenga, na weye utanyamaza juu ulivaa sura yake.”

Glodie akaandika ukweli wote kundini. Kabla ya jioni Josaphat alikuwa amemtoa katika kundi alilolianzisha yeye mwenyewe. Glodie alilia kwa hasira, mteja akimngoja, kichwa kikiwa kimesukwa nusu.

Kesho yake alisimama darajani, akajirekodi akitaja kila aliyeleta ubao. Video ikafika mpaka mji wa Kpandroma, mbali na Bunia. Mtu asiyejitaja akampigia simu, akamwonya aifute. Hakuifuta.

Mheshimiwa alipoita mkutano uwanjani, Glodie alikwenda na Jemima, binti wa Mama Bernadette, pamoja na wachache waliojiunga na kundi jipya alilokuwa amelifungua. Jemima akaomba mikrofoni.

“Mheshimiwa, fundi mwenye ulilipa kwa daraja, jina lake nani?”

Mheshimiwa akageukia wasaidizi wake. Mikrofoni ikanyang'anywa, lakini watu walikuwa wameanza kuguna. Josaphat, mstari wa mbele, alitazama chini.

Tangu siku hiyo Josaphat ameomba kuingia katika kundi jipya mara kadhaa. Glodie huliona ombi lake, na bado hajamkubali.