Mdomo Usioimba Unatafuna

Saa moja na nusu asubuhi, Bi. Kulthumu binti Shaibu anaketi kwenye mkeka wake, anakunja miguu na kuvuta ungo karibu. Kabla hajagusa karanga hata moja, anafungua pindo la kanga na kutoa kitambaa cheupe cha marekani. Anakikung'uta, anajifunika pua na mdomo, anafunga mafundo mawili kisogoni. Halafu anaanza kazi.

Mkabala naye, hatua mbili tu, Bi. Dionisia anaanza kazi mdomo wazi, na mdomo huo unaimba.

"Karanga za nani?" anauliza Dionisia.

"Za tajiri!" wanaitikia wanawake wenzake.

"Mdomo wa nani?"

"Wangu mwenyewe!"

Humu ni ndani ya ghala la mabati, mjini Nachingwea, ambamo wanawake arobaini na wawili huchambua karanga kabla hazijatiwa kwenye magunia na kupelekwa kwenye treni ya Mtwara. Wanatoa mbovu, wanatoa zilizovunjika, wanatoa changarawe. Vumbi la maganda mekundu linaelea tangu asubuhi mpaka jioni. Leo nusu ya sauti zinatoka wazi, na nusu zinatoka kama za mtu anayesema ndani ya mtungi.

Mpaka Agosti mwaka huu wa 1957, aliyekuwa akiuliza "Karanga za nani?" hakuwa Dionisia. Alikuwa Kulthumu, kwa miaka sita mfululizo. Aliiacha kazi hiyo ya kuongoza wimbo kwa ajili ya kile kipande cha nguo.

Msomaji asidhani wimbo huu ni burudani. Ni amri. Nyapara wa ghala, Bwana Kasmiri, hupita kati ya mikeka mikono nyuma, sikio limetegwa. Ana msemo wake ambao wanawake wote wanaujua kwa moyo: "Mdomo usioimba unatafuna." Akikuta mtu amenyamaza, anamwambia afungue mdomo aonyeshe ulimi.

"Nina wajukuu watatu, nimetoa ulimi mbele ya watu kama mtoto mwenye minyoo," anasema Dionisia.

Vitambaa vilikuwa haramu kabisa. Mwaka 1952, wanawake wachache walijifunga kanga puani kwa sababu ya vumbi. Kesho yake wakakatazwa, kwa kuwa nyuma ya kanga, nyapara hawezi kujua nani anaimba na nani anapata kifungua kinywa.

Kasmiri hakasiriki akiulizwa habari hii. "Mimi nami nina mkubwa wangu," anasema. "Gunia likipungua sitaulizwa habari za vumbi."

Kulthumu alikuja Nachingwea mwaka 1948 kutoka Nambilanje, upande wa Ruangwa, akimfuata mumewe Amiri aliyepata kazi ya kufyeka msitu kwenye mashamba makubwa ya karanga. Mashamba yakafa, matrekta yakabaki yanaota kutu, na Amiri akarudi Nambilanje kulima ufuta. Mkewe akabaki kwenye karanga za watu. Analipwa senti themanini kwa siku. Kwa sababu ya sauti yake, inayofika mpaka kwenye mizani bila yeye kukaza koo, alipewa kuongoza wimbo, na kila Jumamosi akapewa kibaba kimoja cha karanga juu ya mshahara.

"Kibaba hicho ndicho kilichounga mboga yetu wiki nzima," anasema. "Usikidharau."

Mwezi wa Juni bintiye Sofia alikuja kukaa naye. Mume wa Sofia yuko Mtwara, na hii ni mimba yake ya kwanza, na mimba ya kwanza huja kwa mama. Mwezi wa Agosti yakaja mafua.

Redio ilikuwa imekwisha kuyatangaza, kwamba ni mafua makali yanayozunguka dunia nzima na yanasafiri na meli. Kwa watu wa ghala yalikuja na treni. Bwana Afya akafika, kijana wa Kilwa mwenye Kiswahili cha pwani, akasimama mlangoni na kuwaeleza wanawake kwamba kikohozi hurukia watu, na kwamba ingefaa kila mmoja ajifunike pua na mdomo kwa kitambaa, "kama vile barakoa."

Neno hilo halijafika huku. Wanawake wengi wa ghala hili wamekulia Kimwera na Kimakua, Kiswahili wamekikuta sokoni. Wao walisikia "baraka."

"Tukatazamana," Dionisia anasimulia huku akijipiga paja kwa kicheko. "Mimi nikasema, kama ni baraka, mbona Padri anatupa kila Jumapili na hafungi mtu mdomo? Na wenzangu Waislamu wakawa wanaulizana, baraka yenyewe ya upande gani?"

Bwana Afya alipoondoka, Kasmiri alisema amesikia, na kwamba wimbo utabaki wimbo. Hakuna aliyevaa.

Kulthumu jioni ile alirudi nyumbani akamkuta Sofia barazani anamenya mihogo, tumbo limemzidi mpaka bakuli ameliweka pembeni. Anasema alisimama pale akamkumbuka mama yake.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Vita vya Wajerumani vilipokwisha, Kulthumu akiwa na umri wa kama miaka kumi, Nambilanje iliingiliwa na homa ya kifua ambayo wazee hawajaisahau mpaka leo. Mama yake alikuwa mjamzito. Aliugua siku tatu.

"Tulizika jeneza moja," anasema Kulthumu, "lakini walikuwa wawili."

Kisha anaokota changarawe kwenye ungo na kuitupa.

Kesho yake alinunua nusu yadi ya marekani, akaikata vipande viwili, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kuchemshwa. Akaingia ghalani amejifunga. Kasmiri akamjia moja kwa moja.

"Mama, fungua hicho."

"Sifungui, Bwana Kasmiri."

"Basi urudi nyumbani."

Ghala likanyamaza, jambo ambalo haliruhusiwi. Senti themanini na kibaba cha Jumamosi vilikuwa vimesimama mlangoni tayari kuondoka. Alichofanya Kulthumu ndicho kinachosimuliwa sasa kwenye kila kisima cha Nachingwea.

Aliokota karanga moja kwenye ungo, akaiinua nyapara aione, akaipenyeza chini ya kitambaa, akatafuna. Kitambaa kikacheza. Kikapanda, kikashuka, kikaenda kushoto na kulia. Akamwambia:

"Umeona, baba? Mdomo mtupu una ujanja, unaweza kuimba karanga ikiwa shavuni. Kitambaa hakijui uongo. Ukituvalisha wote, huna haja hata ya kututazama ndimi."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakamwaga ungo. Kasmiri naye, mashahidi wote wanakubaliana, aliuma midomo asicheke. Akafikiri, akatoa hukumu: anayetaka avae, asiyetaka asivae. Ila anayeongoza wimbo lazima awe mdomo wazi, sauti isikike.

"Nikamwambia, basi wimbo chukua," anasema Kulthumu. Kibaba nacho kikaenda.

Mwandishi wa habari hii alimwuliza kama ule ujanja wa karanga shavuni aliujua kwa kusikia tu au vipi. Kitambaa cha Bi. Kulthumu kilicheza kidogo.

Wimbo akapewa Dionisia, na hapo ndipo uchungu ulipoingia. Wanawake hawa wawili wamekaa uso kwa uso tangu 1951. Kwa watu wa huku, kwa watu wa popote nadhani, kumzibia mwenzio pua ni kumwambia ananuka.

"Miaka sita tunapumuliana," anasema Dionisia. "Siku moja naamka, shoga yangu ameziba pua mbele yangu. Wewe ungeonaje? Nilikwenda nyumbani nikaoga mara mbili."

Siku nne hawakusemezana. Siku ya tano Kulthumu alimfuata kisimani akamweleza habari za mama yake, ambazo katika miaka yote hiyo hakuwahi kuzitaja. Dionisia akaelewa. Lakini kuvaa hakuvaa, na mpaka leo havai.

"Pumzi yangu ni fupi tangu utoto," anasema. "Nikijifunga naona kama nakabwa. Yeye ana sababu yake, na mimi nina yangu."

Ghala likagawanyika hivyo, bila ugomvi mkubwa. Wengine walivaa kwa hofu. Wengine walivaa kwa ajili ya vumbi tu, wakishukuru mafua yamewapa walichonyimwa mwaka 1952. Wengine walikataa kwa sababu hiyohiyo: kitambaa kilikatazwa kilipowafaa wao, kikaruhusiwa kikohozi kilipoanza kutisha wakubwa.

Katika wiki tatu waliugua kumi na saba kati ya arobaini na wawili. Watano kati ya hao walikuwa wanavaa. Wapo wanaomtupia Kulthumu hesabu hiyo.

"Sikusema kitambaa ni ukuta," anawajibu. "Ni mlango. Hata mlango uliofungwa mwizi anaweza kuuvunja. Sasa ndiyo ulale wazi?"

Mmoja wa wale kumi na saba, Bi. Lusiana, hakurudi. Mkeka wake umekunjwa na kusimamishwa ukutani, na hakuna aliyekaa mahali pake. Watu wanabishana kama marehemu alikuwa anavaa au havai, na kila upande unamtaka awe ushahidi wake. Kulthumu anakataa kuingia katika mabishano hayo. "Maiti hahukumiwi kwa kitambaa," anasema.

Jumamosi iliyopita mwandishi alimsindikiza mpaka nyumbani kwake, nyuma ya stesheni. Mwandishi mwenyewe alikuwa na leso mfukoni wakati wote. Aliivaa alipoingia ghalani, akaivua kwa haya alipoona Dionisia anamtazama, akaivaa tena mbele ya Kulthumu. Hana la kuwafundisha watu.

Nyumbani, Kulthumu haingii moja kwa moja. Ananawa kwa sabuni uani, anavua kitambaa cha kazi na kukitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, anafunga kile kingine. Ndipo anapomsalimu bintiye, tena kwa mbali, yeye akiwa kwenye kigoda na Sofia kitandani. Wanakula kila mmoja na sahani yake. Kwa mwezi mzima hajalishika tumbo la mwanawe.

"Mkunga anasema bado wiki tatu," anasema. "Mtoto akizaliwa salama na mafua yakipita, akitimiza siku arobaini nitampeleka Nambilanje babu yake amwone. Kisha nitarudi ghalani kudai wimbo wangu." Anatazama chini. "Huu si wakati wa kuimba. Ila naukosa. Wallahi naukosa."

Mara nje kukapigwa hodi. Kulthumu akachungulia na kuona mwanamke amejifunga kanga mpaka chini ya macho, amebeba kikapu. Hakumtambua.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, dada."

Alikuwa Dionisia. Kulthumu akamkaribisha ndani, naye akakataa. Akasimama palepale uani, kifua kinapanda na kushuka, akaweka kikapu juu ya jiwe la kufulia. Ndani mlikuwa na vibaba vinne vya karanga. Ni Jumamosi zake zote nne tangu aanze kuongoza. Hakuwa amekula hata moja.

"Mtwangie Sofia, zitiwe kwenye uji," alisema.

"Wewe si unakabwa na kitambaa?"

"Nakabwa. Lakini kutoka pale njiani mpaka hapa si mbali."

Akageuka aende zake. Kulthumu alibaki mlangoni, mkono juu ya fremu, macho yamemjaa machozi. Dionisia alipokwisha fika karibu na njia, Kulthumu alipaza sauti, ile ya miaka sita, na kitambaa hakikuizuia:

"Karanga za nani?"

Dionisia hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, na jibu likatoka nyuma ya kanga.

"Za mtoto!"