Namba Iliyofungiwa

Ofisini walimwita Mzee wa Mitego. Kazi yake ilikuwa kulinda mtandao wa kompyuta, na kila mwezi aliwatumia wenzake barua pepe za uongo ili awanase wanaobonyeza viungo vya mtandaoni ovyo. Aliyenaswa alisimangwa mbele za watu. Moyo wa kuamini alishaung'oa kama jino bovu.

Asubuhi moja, akianza kuwafundisha wenzake kujihadhari na matapeli wa mtandaoni, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba ngeni: "Kaka, ni mimi mdogo wako. Nimegongwa na gari, simu yangu imevunjika, hii ni ya nesi. Njoo haraka. Bonyeza hapa uone nilipo."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akauonyesha kwenye skrini ya ukutani.

"Oneni matapeli walivyokosa haya! Namba ngeni, haraka haraka, halafu kiungo cha kubonyeza. Hata mtoto hanaswi hapa!"

Mhasibu, mama mmoja mpole, akauliza, "Na kama ni kweli, bosi?"

"Mtu wa kweli atapiga simu," alimjibu, huku akiifungia ile namba mbele yao, isiweze kumpigia tena, ili wajifunze. Wakapiga makofi.

Jioni polisi walimfikia mama yake nyumbani, naye akampigia mwanawe akilia. Alipofika hospitali, mdogo wake alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Wewe ndiye kaka yake?" nesi alimuuliza kwa hasira. "Namba yako tu ndiyo aliyoikumbuka. Tumekupigia kutwa nzima, haikuingia hata mara moja."