Koplo Aliyelala Wima

Kituoni walimwita Chonjo, kwa sababu kila askari mpya aliyepangwa naye zamu alimwambia maneno mawili tu: kaa chonjo. Jina lilimkaa vizuri enzi zile mwili ulipokuwa na nguvu. Siku hizi lilikuwa kejeli tupu. Askari kadhaa walihamishwa, hakuletwa hata mmoja badala yao, na malindo yao wakatwishwa waliobaki. Likizo ya Chonjo ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka akaona haya kuiulizia.

Askari akifikishwa hapo hujifundisha kulala wima. Usicheke, huo ni ufundi. Unakaza magoti, unapachika kidole gumba kwenye mkanda wa bunduki, unaegemeza mgongo ukutani kidogo tu, halafu unashusha kofia hadi kwenye nyusi. Anayekutazama kwa mbali atasema huyu bwana hapitwi hata na inzi. Kumbe mwenyewe hayupo.

Ndivyo alivyokuwa Chonjo kwenye geti la soko, jua likimchoma utosini, mchuuzi wa ndoo alipopigwa chuma cha kichwa. Ukelele ndio uliomzindua. Akafumbua macho, akamwona mchuuzi yuko chini na fundi viatu wa pale getini amemwinamia, mikono imejaa damu. Akamrukia fundi, akampiga ngwala, akamtia pingu. Watu wakapayuka, hawa wanasema ndiye, wale wanasema siye. Dereva wa gari la doria alipofika akamwuliza koplo kama ameona.

"Nimemwona kwa macho yangu," Chonjo akasema.

Jibu lilichomoka lenyewe kabla akili haijafika. Askari wa getini akisema hakuona, ataulizwa alikuwa wapi.

Mchuuzi alilazwa hospitalini, hajitambui. Fundi akatupwa mahabusu, akawa anarudia kwamba alikuwa akimzuia damu mwenzake, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumsikiliza. Mkuu wa kituo akaagiza koplo aandike maelezo ya shahidi kesho yake asubuhi, kabla fundi hajapelekwa mahakamani. Shahidi mwenye sare! Kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Na tusimsingizie Chonjo. Hakuwa na chuki yoyote na fundi viatu. Alitaka tu yaishe, akalale.

Asubuhi hiyo alipitia nyumbani kubadili shati. Nyumbani ni chumba kimoja cha kota, kimegawanywa kwa pazia. Bintiye mdogo alikuwa akicheza upande wa pili, akaangusha kikombe cha bati. Kufumba na kufumbua, Chonjo amemkwida mtoto mkono, amemnyanyua juu juu, anamfokea kwa sauti ya kufokea wezi. Mtoto hakulia. Alimkodolea macho baba yake, mkojo ukimtiririka miguuni.

Mkewe alimchukua mtoto bila kelele, akamfuta, akamkalisha kitandani. Chonjo akaketi sakafuni na kumwaga yote: usingizi, damu, neno alilolisema getini. Akasema pia kile ambacho mke alikuwa akikifikiria, kwamba akikiri alilala, cheo kinaweza kuondoka, na cheo ndicho kilichowapa hicho chumba. Mke naye alikuwa amechoka, tena zaidi ya mumewe, ila hakuna aliyempa sare.

"Baba watoto," akauliza, "ulivyomkamata huyo fundi, ndivyo ulivyomkamata mwanao sasa hivi?"

Chonjo aliona aibu mpaka akashindwa kufunga vifungo vya shati, mke ndiye akamfungia.

Kituoni mkuu alimsogezea karatasi na kalamu. Macho ya mkuu nayo yalikuwa mekundu kama pilipili. Chonjo akabaki amesimama.

"Sikuona kitu, afande. Nilikuwa nimelala."

"Ulipitiwa kidogo tu, Koplo. Kaa chini uandike."

"Nililala, afande. Ukelele ndio ulioniamsha. Sijui nani alimpiga."

Mkuu alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Alimkumbusha kwamba ana watoto. Alimkumbusha kwamba kusinzia kwenye lindo ni kosa. Chonjo akaitikia yote, ila kalamu hakuigusa, na mwishowe mkuu akaagiza fundi afunguliwe. Chonjo alimwomba radhi pale kwenye kaunta. Fundi alipokea mkanda wake, akatoka akijisugua vifundo vya mikono.

Kisha mkuu akatoa adhabu. Cheo angemwachia, kwa vile hana koplo mwingine. Lakini taratibu ni taratibu, na askari aliyesinzia huongezewa malindo. Atayafanya juu ya zamu zake, mwezi mzima, kuanzia leo, kwenye geti lile lile.

Chonjo alidhani amesikia vibaya. Hasira ilimpanda, ikakosa nguvu ya kufika mdomoni, ikashuka.

"Na nikilala tena, afande?"

Mkuu alikuwa ameshavuta jalada jingine.

"Ukilala tena," akasema bila kuinua macho, "usije kuniambia."

Chonjo akapiga saluti, akaenda kuchukua bunduki.